Barua ya wazi kwa TANAPA na Mambo ya Kale: mchezo wa GPS uje Saadani, kisanduku kibaki getini

Kwa Kamishna wa Uhifadhi, Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA),
na Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii.

YAH: OMBI LA KURUHUSU JIOKASHINGI KATIKA HIFADHI YA TAIFA SAADANI

Waheshimiwa,

Habari za kazi. Mimi ni mwongoza watalii, mtu wa njia ya Bagamoyo, Saadani na Pangani. Sikutumwa na kampuni wala chama. Ombi langu nalitanguliza ili asiye na muda asihangaike kusoma mpaka chini: ruhusuni jiokashingi Saadani, kwa maandishi na kwa masharti. Sharti la kwanza liwe kwamba hakuna kisanduku hata kimoja kitakachowekwa kwenye boma la Mjerumani, makaburini, ufukweni wala porini. Kisanduku kikae getini, chini ya macho ya askari wenu.

Najua wapo watakaouliza jiokashingi ni mnyama gani. Ni mchezo. Mtu anaweka mahali kisanduku chenye daftari, anatangaza mtandaoni nukta zake za GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali, na mwingine anakuja na simu mkononi, anakitafuta, anaandika jina lake kwenye daftari na kukirudisha palepale alipokikuta. Ulianzia Marekani Mei 2000. Mpaka wakati huo serikali yao ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kipokezi kikakosea kwa mita 100 hivi. Tarehe 2 Mei uvurugaji huo ukakoma kwa amri ya Rais Clinton. Kesho yake tu bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaenda msituni Oregon, akaweka ndoo nyeusi yenye vitu vya kubadilishana, akatangaza nukta zake. Ndani ya ndoo mlikuwamo na kopo la maharage. Siku hizi kanuni za mchezo zinakataza kuweka chakula, na yeyote aliyewahi kuibiwa ndizi na nyani wetu haitaji kuelezwa kwa nini.

Leo visanduku vya namna hiyo viko kwa mamilioni, karibu kila nchi duniani. Wachezaji wake ni wageni wa aina yake. Mtalii wa kawaida anauliza simba yuko wapi. Huyu anafungua ramani, anaona nukta moja mahali ambapo wengine hawafiki, na anapanga siku nzima kwa ajili ya nukta hiyo. Akishafika anasoma, anauliza, anapiga picha, na usiku anaandika alichokiona ili wenzake wasome. Kwa hifadhi inayoshindana na Serengeti na Ngorongoro, mgeni wa namna hii ni wa kumwandalia kitanda.

Tuseme ukweli, maana tunafahamiana. Kwa wanyama pekee Saadani haitaishinda Serengeti. Tangu ipandishwe hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 tumeinadi kwa maneno yaleyale: kati ya hifadhi za taifa za Tanzania, hapa tu ndipo tembo na bahari vinapokutana. Ni maneno ya kweli, na mimi nayatumia kila wiki. Lakini Saadani ina kitu kingine ambacho wengi wa wageni ninaowapeleka hawakukisikia kabla ya kuja, nacho ni vita.

Mji wa Saadani ulikuwa bandari ya misafara kabla Dar es Salaam haijawa kitu. Pembe na watumwa walishuka kutoka bara kwa njia ya Uzigua, wakavushwa kwenda Unguja. Mtawala wake, Bwana Heri bin Juma, hakuwa liwali wa kutumwa na mtu. Alijihesabu mtawala kwa haki yake mwenyewe, na Sultani wa Unguja aliyejaribu kumtia adabu kwa jeshi alishindwa. Aprili 1888 Sultani Khalifa alipoikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Kijerumani, na Agosti mwaka huohuo kampuni ikaanza kupandisha bendera yake mji kwa mji, Pangani ilisimama na Abushiri bin Salim, na Saadani ikasimama na Bwana Heri.

Kampuni ikashindwa. Berlin ikamleta Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi: Wasudani waliokusanywa Misri na Washangaan kutoka Msumbiji. Juni 1889 meli za kivita zikaupiga Saadani mizinga kutoka baharini, mji ukateketea. Bwana Heri alikuwa ameshaondoka kwenda bara. Akajenga ngome ya miti huko Mlembule, na Wajerumani walipoishambulia mara ya kwanza walirudishwa. Ikabidi warudi tena Januari 1890 na nguvu kubwa zaidi. Hata baada ya Mlembule kuanguka aliendelea, mpaka Aprili 1890 alipokubali kuweka silaha chini kwa mazungumzo, akaachwa arudi kuujenga upya mji wake.

Abushiri alikuwa ameshanyongwa Pangani Desemba 1889. Kwa nini mmoja alitiwa kamba shingoni na mwingine akarudishiwa mji? Nimemuuliza mgeni swali hili mara nyingi, tukiwa tumesimama na bahari iko mbele yetu, na sijawahi kuona mtu akitazama saa. Wengine wanasema Wajerumani walichoka. Wengine wanasema walimhitaji mtu atakayesikilizwa na Wazigua, kwa kuwa wao hawakusikilizwa. Mimi naegemea la pili, ila mjadala wenyewe ndio utamu.

Kisha vita ya pili ikaja juu ya mabaki ya ile ya kwanza. Mwaka 1916 Waingereza waliteremka pwani hii mji baada ya mji: Tanga na Pangani mwezi Julai, Saadani na Bagamoyo mwezi Agosti. Boma alilojenga Mjerumani likapata bwana mwingine. Vijana wa pwani na bara wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na jina la kikosi cha wapagazi wale, Carrier Corps, mpaka leo tunalitamka kila tukienda kununua vitenge Kariakoo.

Haya yote yako ndani ya hifadhi moja na pembezoni mwake. Ndiyo maana naileta hoja ya jiokashingi kwenu, na si kwa watu wa ufuo wa hoteli.

Sasa niseme linaloniogopesha, na nadhani ndilo litakalowaogopesha ninyi pia.

Nchi yetu ina ugonjwa wa mali ya Mjerumani. Kila penye jengo lake la zamani, kaburi lake au hata mwembe wake, yupo mtu anayeamini kwamba alipokimbia alizika dhahabu. Matapeli wanauza ramani. Wengine wanatafuta zebaki nyekundu, ambayo haipo, ndani ya vitu vilivyooza. Uvumi huu hauishi kwa sababu una punje ya ukweli ndani yake: mwaka 1916, huku wakirudi nyuma mbele ya Waingereza na Wabelgiji, Wajerumani walifua kweli sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo. Zilikuwa kama 16,000 hivi. Leo ziko kwenye minada na makabati ya wakusanyaji wa sarafu. Lakini nenda ukamwambie hivyo mtu aliyekwisha kununua sururu.

Mfikirieni mtu huyo siku atakaposikia kwamba wazungu wanakuja Saadani na GPS kutafuta kitu kilichofichwa karibu na boma la Mjerumani. Hatasikia neno mchezo. Usiku huohuo atakuwa na jembe kwenye msingi wa boma, na wiki ijayo kwenye makaburi. Kanuni za jiokashingi zinakataza kuzika kisanduku chini ya ardhi, na mchezaji mzoefu hachimbi kamwe, lakini mchimba hazina wetu hajajiandikisha kwenye mchezo wowote na hatasoma kanuni hizo.

Hapa ndipo Mambo ya Kale wanapohusika moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe, bila tangazo lolote, majengo na makaburi yaliyokuwapo kabla ya mwaka 1863. Boma la Saadani ni la baada ya hapo. Vita vya Bwana Heri ni vya baada ya hapo, na vya 1916 ndiyo usiseme. Mabaki ya vita hivyo yanahitaji Waziri ayatangaze kuwa kumbukumbu ya taifa ndipo sheria hiyo iyakumbatie. Naam, viko ndani ya hifadhi, na sheria za hifadhi zinamzuia mtu kuchimba. Ila sheria ya hifadhi inamtazama mchimbaji kama mharibifu wa mazingira, wakati anachokiharibu ni ushahidi. Ombi langu la pili basi ni hilo: tangazeni. Wizara ni moja, na siku hizi taasisi za wanyama zimekwisha kuzoea kulea malikale. Kilwa Kisiwani iko mikononi mwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), Mapango ya Amboni mikononi mwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Saadani haihitaji hata kuhamishiwa mtu, maana mlezi anaishi humo tayari.

Nikirudi kwenye mchezo. Mtaniuliza, kama kisanduku ni hatari hivyo, kwa nini tuukaribishe? Kwa sababu kisanduku si lazima kiwe penye nukta. Ipo aina inayoitwa EarthCache, iliyoanza 2004 kwa ushirikiano na chama cha wanajiolojia wa Marekani, ambayo haina kisanduku kabisa: mgeni anafika, anaitazama ardhi, anajibu maswali. Mabwawa ya chumvi ya Saadani na mdomo wa mto Wami, ambako mchanga na tope vinahama kila masika, vingetosha kwa mbili za namna hiyo. Na ipo aina ya hatua nyingi, hii ndiyo ninayoipigia debe. Nukta ya kwanza inakupeleka mahali, unatazama, unapata tarakimu. Ya pili hivyohivyo. Idadi ya madirisha ya boma upande wa baharini ni tarakimu moja, mwaka ulioandikwa kwenye kibao ni nyingine, na kadhalika. Mwisho unazipanga tarakimu zako, zinakupa nukta ya mwisho. Kisanduku chenyewe kiko pale, na pale ni getini, rafu ya nyuma ya meza ya mapokezi, karibu na kitabu cha wageni.

Ona faida yake. Aliyekuja kwa jembe hana cha kuchimba, kwa sababu tangazo lenyewe linasema wazi kwamba hakuna kitu kilichofichwa kwenye magofu. Aliyekuja kwa mchezo amelazimika kusimama kila mahali na kufungua macho, maana jibu halipatikani kwenye intaneti. Na askari wenu wanamwona kila mchezaji mara mbili, akiingia na akija kuandika jina.

Marekani kwenyewe, hifadhi za taifa zilianza kwa kukataza visanduku kabisa. Baadaye zikaacha kila msimamizi aamue kulingana na hifadhi yake. Hatuna haja ya kupita njia ndefu hiyo. Tunaweza kuanzia walipofikia wao.

Lipo jambo moja ambalo, kama barua hii yote itatupwa, ningeomba libaki mezani. Katika jiokashingi, anayeweka nukta ndiye anayeandika maelezo yake. Maelezo hayo ndiyo watu wa dunia nzima watakayosoma kabla ya kufika, na wengi watayasoma bila kufika kabisa. Kanuni za mchezo zinamtaka mwekaji apate idhini ya mwenye eneo. Mwenye eneo ni ninyi. Mkinyamaza, mwaminifu ataiacha Saadani na kwenda kwingine, na asiye mwaminifu ataweka chake kimyakimya, aandike alichokiona kwenye kitabu cha babu yake: kwamba Wissmann alifika, akatuliza ghasia za wafanyabiashara wa utumwa, akaondoka. Biashara ya utumwa ilikuwepo, na tusiifiche. Lakini mji uliopigwa mizinga una upande wake wa kusimulia, na karibu kila kilichoandikwa siku ile kiliandikwa na waliokuwa nyuma ya mzinga.

Kwa hiyo maelezo yaandikwe Saadani. Kijiji kipo, katikati ya hifadhi, kikongwe kuliko hifadhi yenyewe, na uhusiano wenu na majirani wa hifadhi tunajua sote haujawa mwepesi siku zote. Waiteni wazee wakae na afisa wa Mambo ya Kale na mwalimu mmoja wa historia, kwa siku mbili tu, chini ya mti. Wataje kinachokumbukwa, afisa aseme kilichoandikwa, wabishane. Kiswahili kitangulie, Kiingereza na Kijerumani vifuate. Wajerumani wengi huja pwani hii, na nimeona wanavyonyamaza wanaposimuliwa habari za 1889 na mtu asiyewagombeza. Vijana wa kijiji wafundishwe njia ya nukta hizo na walipwe kama waongozaji. Sisi wa Bagamoyo tutalalamika kidogo kwamba tunanyang'anywa mkate. Msitusikilize.

Kuhusu wanyama nitasema kwa ufupi, ninyi ndio wataalamu. Nukta zote ziwe barabarani au kijijini, pasiwe na hata moja inayomtaka mtu ashuke garini mahali ambapo hairuhusiwi sasa. Anayetaka kutembea aende na askari mwenye silaha kama ilivyo kawaida. Pwani ya Madete, wanakotagia kasa, isiwe na nukta kabisa: mtu mwenye tochi usiku ufukweni ni balaa kwa kasa, hata akiwa na nia njema kiasi gani. Na pasiwekwe swali lolote ambalo jibu lake ni mahali anapoonekana mnyama fulani, maana jangili naye ana simu. Mtu akiona chuma cha zamani kimechomoza mchangani asikiguse, aite askari. Pwani hii imepigwa mizinga, na chuma cha vita hakifai kuchezewa na mtoto wala mzee.

Na kisanduku cha getini kiandikwe ubavuni kwa herufi kubwa ni nini na ni cha nani, kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwaka 2011 katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akichezacheza na kiboksi nje ya mgahawa, barabara ikafungwa, wanajeshi wakaja wakakilipua. Kilikuwa kisanduku cha mchezo.

Gharama? Vibao vichache, daftari, kisanduku kisichoingiza maji, siku mbili za kikao na chai yake. Simu ya mgeni ndiyo mtambo. Mtandao ukikatika, na huko hukatika, GPS haihitaji mtandao, mradi maelezo yameshapakuliwa, na hilo lingefanyika getini. Barabara ya Bagamoyo kwenda Pangani na Tanga kupitia Saadani ikikamilika yote, magari yatakayopita hapo yatakuwa mengi kuliko tulivyozoea. Sehemu ya abiria hao watatafuta sababu ya kusimama. Ni afadhali sababu hiyo tuiandae wenyewe, mapema, kabla mtu wa ramani za hazina hajaiandaa.

Ninachoomba kutoka kwenu kinajibika kwa ukurasa mmoja. Je, TANAPA iko tayari kutoa kibali cha majaribio cha mwaka mmoja kwa njia moja ya hatua nyingi, kisanduku kikiwa getini? Je, Mambo ya Kale iko tayari kumpelekea Waziri pendekezo la kulitangaza boma la Saadani na makaburi yake kuwa kumbukumbu ya taifa? Na ni afisa yupi tumwone kwa ajili ya kikao cha kijijini? Jibu la hapana nalo ni jibu, mradi liwe na sababu, kwa kuwa wachezaji wawili wa kutoka nje wameshaniuliza kama wanaruhusiwa kuweka cha kwao, na nimewaambia wasubiri.

Kikao kikipangwa kabla ya masika, mimi nitakuwepo na gari.

Wenu katika kazi,
Mwongoza watalii, Bagamoyo